Nukta Moja

Elimu yangu ya skuli ilikoma mapema. Ushairi niliufuata barazani, na hati za kale, zile za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nilifundishwa na bibi mmoja wa Malindi aliyekuwa na sanduku la karatasi za marehemu mumewe. Somo lake la kwanza lilikuwa nukta. Aliandika neno moja kwa kalamu ya mwanzi, akanitaka nilisome. Nikasoma: rahma. Akachovya kalamu, akatia nukta moja juu ya herufi ya kwanza, akaniambia nisome tena. Neno lilikuwa limegeuka: zahma.

"Umeona?" akasema. "Rehema na zahama zimeachana kwa nukta moja. Basi usisome mbio."

Nilidhani nimelielewa somo lile. Nimelitumia miaka mingi katika kazi yangu ya kufasiri, na nimelikariri mbele ya vijana kila nilipoalikwa kuzungumza nao. Lakini ilinibidi nisafiri hadi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, nikasaidie kwa mikono yangu kuweka nukta nyingine juu ya silaha, ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimesoma mbio.

Ilikuwa Januari 2023. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinialika nikae naye miezi miwili. Amekwisha kuwa raia wa nchi ile; mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku, na wana watoto wawili waliozaliwa huko huko, ambao Kiswahili chao kinachechemea lakini hakijalala. Columbus ni mji wenye Wasomali wengi, na mtu wa pwani hakosi salamu wala mchele mzuri. Kinachomshinda ni baridi na giza. Katika mwezi ule jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na asubuhi huchelewa kama mgeni asiyetaka kuja.

Siku ya pili ya ziara yangu mpwa wangu alinionyesha sanduku dogo la chuma lililofungwa kwa maparafujo ndani ya kabati, kando ya kitanda chake. Lilikuwa likifunguliwa kwa tarakimu. Ndani yake mlikuwa na rivolva ya Ruger, aina ya GP100, ambayo kiwanda kilianza kuitoa mwaka 1985: bastola nzito ya chuma kisichoshika kutu, yenye silinda ya matundu sita. Aliinunua baada ya kuporwa. Alikuwa akifanya kazi ya jioni katika kituo cha mafuta, wakaingia vijana wawili wenye silaha, wakamlaza chini, mmoja wao akamkanyaga shingoni mpaka mwenziwe alipomaliza kukomba pesa.

Sikuificha karaha yangu. Silaha nilizozizoea mimi ni mizinga ya shaba iliyokuwa mbele ya Beit al Ajaib, mizinga iliyokwisha kufa, ambayo watoto wa Mji Mkongwe tulikuwa tukiipanda kama punda. Nikamwambia kwamba nyumba yenye watoto haitaki kitu kama kile. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Mjomba, hukulazwa wewe kwenye sakafu ile."

Sikuwa na jawabu. Sina mpaka leo.

Wiki ya pili kikaja kifurushi kwa posta. Mpwa wangu alikuwa ameagiza kifaa cha kulengea usiku, cha kuweka mahali pa kile kilichokuja na bastola kutoka kiwandani. Aliniambia angeweza kukipeleka kwa fundi, ila kwa aina ile ya rivolva kazi ni nyepesi na watu wengi huifanya nyumbani. Akanitaka nimshikie taa na nimsomee maelezo. "Wewe ndiye mfasiri," akasema, na wote tukacheka.

Alianza kwa jambo ambalo lilinipendeza. Aliifungua silinda, akazitoa risasi zote sita, akazihesabu kwa sauti, akazipeleka chumba kingine na kuufunga mlango. Aliporudi aliyatazama matundu yote, moja moja, akapitisha na ncha ya kidole, kisha akanitaka nitazame na mimi. Ndipo tulipotandika taulo juu ya meza ya kulia, akailaza bastola kama mgonjwa.

Hapo kazi yangu ikaanza, nami nikakwama katika mstari wa kwanza. Kiswahili kina maneno mazuri ya bunduki: kuna kasiba, kuna mtutu, kuna kitako. Lakini kile kipande kidogo kilichosimama juu ya ncha ya kasiba, na kile cha nyuma chenye mfuo, ambavyo jicho huvipanga pamoja kabla ya kulenga, nitaviitaje? Neno shabaha lina mizigo yake: ni kile kinacholengwa, ni kule kulenga kwenyewe, na katika kamusi za zamani ni mfano au mfanano pia. Kuliongezea mzigo wa nne kungekuwa dhuluma. Mwisho nikasema: hili la mbele ni jino, na lile la nyuma ni pengo. Mpwa wangu akafurahi. "Basi ndivyo tulivyofundishwa," akasema. "Jino likae katikati ya pengo, mwanga uwe sawa kulia na kushoto, na vichwa viwe usawa mmoja."

Ziko rivolva ambazo jino lake limechongwa kutokana na chuma kile kile cha kasiba, na hizo haziguswi ila na fundi mwenye mashine. Ziko ambazo jino limeshikwa na pini ya kupigwa kwa nyundo. Ile ya mpwa wangu ina ufundi mwepesi zaidi. Chini ya jino, kwenye uso wa ncha ya kasiba, kimejificha kijiti kinachosukumwa na springi. Ukikibonyeza kwa ncha nyembamba, jino huachia upande wa mbele, nawe hulinyanyua likatoka. Alikuwa ameizungushia ncha ya kasiba utepe wa gundi ili bisibisi isije ikaparuza chuma. Akabonyeza, jino la zamani likatoka kama jino la mtoto, bila damu wala kilio.

Jipya lilikataa kuingia. Nikamsomea tena maelezo: lisipigwe kwa nyundo, lisichovywe katika dawa kali za kusafishia, na likibana, kinachopunguzwa ni chuma cha tako lake, kidogo kidogo, wala tupa isikaribie sehemu yenye kioo. Akachukua tupa ndogo, akasugua mara tatu, akajaribu. Akasugua mara mbili, akajaribu. Nilimwangalia kwa wivu wa fundi. Hivyo ndivyo mshairi anavyoipunguza mizani inayozidi, na ndivyo apasavyo kujua wapi asiguse. Mara ya tano jino likaketi. Kijiti kikarudi mahali pake kwa mlio mdogo. Akalitikisa kwa kidole gumba; halikutikisika.

"Sasa zima taa, Mjomba."

Nikazima. Na pale mezani, katika giza la Ohio, ikawaka nukta moja ya kijani.

Nakiri nilishangilia. Nukta ile haikutaka betri wala haikutaka jua. Ndani ya jino mna kichupa cha kioo chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na ndani ya kichupa mna gesi iitwayo tritiamu, ndugu mzito wa haidrojeni, iliyogunduliwa Cambridge mwaka 1934 na Ernest Rutherford, Mark Oliphant na Paul Harteck. Gesi hii huoza yenyewe, na katika kuoza kwake hutupa chembe dhaifu zisizoweza kupenya hata kile kioo. Chembe hizo huugonga unga uliopakwa ndani ya kichupa, nao unga hung'aa. Kila baada ya miaka 12 na ushei, nusu ya gesi huwa imekwisha, na mwanga hubaki nusu. Nikapiga hesabu: itakapokaribia 2035 nukta hii itakuwa na nusu ya nguvu yake, na watoto waliolala chumba cha pili watakuwa watu wazima.

Mwanga unaotokana na kufa polepole! Ni mshairi gani atakayeachia hayo yampite? Usiku ule ule niliandika beti tatu za kuisifu. Niliifananisha na nyota ya nahodha, na taa ya mnara, na macho ya paka wa Shangani. Zilikuwa beti zilizokaa sawa kwa vina na mizani, nami nikalala nimeridhika.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye ukumbi wa kulengea shabaha, kwa kuwa jino jipya halina hakika mpaka lijaribiwe. Risasi zikawa zinapiga chini ya alama, kwa umbali wa yadi 15. Mpwa wangu alinieleza sababu yake, nami nikairudia kichwani mara nyingi: jino la mbele likiwa refu zaidi, risasi hushuka, likiwa fupi zaidi, hupanda. Pengo la nyuma ni kinyume chake, kwani ukilipandisha, risasi nazo hupanda. Jino lile jipya lilikuwa refu kidogo kuliko la zamani. Akachukua bisibisi, akalipandisha pengo kwa parafujo yake, kidogo, akapiga tena, mpaka matundu yakakusanyika katikati ya karatasi. Tukarudi nyumbani tumechangamka, kama watu waliotoka kuvua na kapu limejaa.

Usiku wa nne baada ya hapo niliamka saa tisa. Ni ada yangu kuamka saa ile kwa sala. Mkewe mpwa wangu alikuwa kazini. Sikutaka kutumia bafu, kwa kuwa limepakana na chumba cha watoto na mabomba yake yana kelele, kwa hivyo nikaenda jikoni kutawadha kwenye beseni la vyombo. Sikuwasha taa, nisije nikamwamsha mtu. Nilitembea kwa ncha za vidole, kama mwizi, ingawa neno hilo halikunijia wakati ule.

Niliufungulia mfereji kwa uzi mwembamba wa maji. Nikaosha viganja. Nikatia maji kinywani kusukutua, na hapo ndipo nilipoisikia sauti nyuma yangu, kutoka katika ushoroba, kwa Kiingereza: nani hapo?

Haikuwa sauti ya mpwa wangu ninayemjua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala kwenye sakafu ya kituo cha mafuta.

Niligeuka. Mbele yangu palikuwa na giza tupu. Nilijua, kwa ile hali ya sauti, kilichokuwa mkononi mwake, na jambo la ajabu ni kwamba jicho langu lilikwenda kuitafuta ile nukta ya kijani. Haikuwapo. Jino lile nililishika kwa vidole vyangu mwenyewe, na nilikuwa nimesahau lilivyotengenezwa: kichupa chake kinatazama nyuma, kwa mwenye bastola. Aliyesimama upande wa pili haoni kitu. Nami kinywa changu kilikuwa kimejaa maji.

Sijui ni muda gani ulipita. Pengine ni ule wa mshairi kuvuta pumzi baina ya kipande na kipande. Niliyameza maji, nikakohoa, nikasema: "Ni mimi. Ni mjomba wako."

Taa ikawaka. Alikuwa ameegemea ukuta, bastola imekwisha kushuka, inatazama sakafu, kidole chake kimenyooka ubavuni mwa chuma, mbali na kifyatulio, kama alivyofundishwa. Uso wake ulikuwa umetoka rangi. Alirudi chumbani, nikasikia sanduku likifungwa, kisha akaja akaketi kwenye kiti cha jikoni, na mtu yule mwenye kifua kipana akalia kama alivyokuwa akilia kwetu Unguja alipokuwa mdogo.

Alipoweza kusema, alisema hivi: "Mjomba, niliiona nukta. Ilikuwa imetulia vizuri kabisa, kama siku ile kwenye ukumbi. Niliiona nukta tu. Sikukuona wewe."

Tulikaa pale mpaka alfajiri. Sala yangu ya usiku ilinipita, ama pengine ile ndiyo iliyokuwa sala. Aliniambia kwamba katika mafunzo yake alifundishwa zile kanuni nne za usalama wa silaha zilizoenezwa na Jeff Cooper, mwalimu maarufu wa bastola nchini Marekani aliyefariki 2006, na kwamba ya nne humtaka mtu awe na hakika ya anachokilenga na kilichoko nyuma yake. Alikuwa akiijua kwa moyo. Lakini ile nukta, alisema, inapokaa mahali pake gizani, humpa mtu hakika nyingine, hakika ya mkono, naye huweza kuidhania kuwa ni hakika ya macho.

Sikumlaumu. Niliyemlaumu, na ninayeendelea kumlaumu, ni mimi. Nilishika taa, nikasoma maelezo kila mstari, nikatafuta maneno ya jino na pengo, nikapiga hesabu za gesi, nikaandika na beti za sifa, na katika yote hayo sikujiuliza swali moja ambalo mwanafunzi wa kwanza wa bibi yule wa Malindi angepaswa kuuliza: mwanga huu unamwangazia nani nini? Nilikuwa nimeufananisha na taa ya mnara. Lakini mnara humulika ili chombo kiione nchi. Nukta ile haimmuliki mtu yeyote. Hujionyesha yenyewe kwa mwenyewe. Kifaa hakikuwa na kosa, kwani kazi yake ni kumwonyesha mwenye bastola ilikoelekea bastola, na kazi hiyo ilikifanya barabara. Kosa lilikuwa katika beti zangu, zilizokiita kitu kwa jina lisilo lake. Nilizichana asubuhi ile.

Nilirudi Unguja mwezi wa Machi. Siku zile nilikuwa nikikumbuka sana ile miezi ya giza ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, laini ya umeme itokayo bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa bila ya umeme. Wengi wetu tunaikumbuka kwa maji ya kununua na majenereta yaliyonguruma madukani. Mimi naikumbuka kwa sauti. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hukuweza kumwona mtu mpaka ugongane naye, basi watu walirudi katika ada ya wazee: kila apitaye alikohoa, ama alitoa salamu kabla ya kufika kwenye kona, na aliyekuwa upande wa pili aliitika. Hakuna aliyetufundisha upya. Wazee walisema mtu mwema hatembei kimya usiku, na hodi hupigwa hata katika nyumba yako mwenyewe.

Mimi, mtunza maneno, nilikwenda ugenini nikaitupa ada hiyo kwa jina la adabu. Nilinyamaza ili nisiwaamshe watoto. Laiti ningekohoa mara moja tu nilipotoka chumbani, mpwa wangu angegeuka upande wa pili akaendelea kulala.

Hakuiuza bastola ile. Sikumtaka aiuze, kwa kuwa sikupata bado jawabu la sakafu ile. Lakini aliweka katika ushoroba taa inayowaka yenyewe mtu anapopita, na kurunzi yenye mwanga mkali kando ya kitanda, na kwa kauli yake mwenyewe sanduku halifunguliwi kabla ya kurunzi kuwashwa na jina kuulizwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Juzi alinipigia simu. Akaniambia kwamba watoto wamelishika lile neno nililowafundisha kabla sijaondoka. Yule mdogo huamka usiku kwenda kunywa maji, na anapofika kwenye mlango wa chumba chake, kabla hajakanyaga ushoroba, husema kwa ile lafudhi yake ya Ohio: "Hodi." Haendi mpaka aitikiwe. Na baba yake, hata awe katika usingizi gani, humjibu kutoka gizani: "Karibu, mwanangu. Pita."